Mkalimani wa Shauri la Unga: Bwana Eustace Nandonde Anastaafu

Jumatatu ijayo, tarehe 30 Juni 1958, Bwana Eustace Nandonde atasimama kwa mara ya mwisho kati ya shahidi na hakimu. Atakuwa amemaliza miaka ishirini na saba ya ukalimani wa mahakama: kumi na saba ya kwanza Lindi na katika safari za barazani, na kumi ya mwisho hapa kwetu Nachingwea.

Kwa wageni watakaoshika karatasi hii bila kumjua, ni yule bwana mrefu, mwembamba, ambaye shati lake jeupe hufungwa mpaka kifungo cha juu hata mwezi wa Novemba, wakati mabati ya mahakama yanapolia kwa jua. Alizaliwa karibu na Ruangwa, mtoto wa mwalimu wa dini. Kimwera alikinyonya kwa mama. Kimakua alifundishwa na bibi yake kwa viboko vya mwiko. Kiyao alikiokota sokoni, Kimakonde alijifunza kwa vibarua waliotoka ng'ambo ya Ruvuma, na Kiingereza alipewa na wamisionari. Kuhusu Kiswahili husema kwamba hakumbuki kujifunza: alikuta watu wote wanakutana humo, naye akaingia.

Miaka ya mradi wa karanga wa Waingereza ndiyo iliyompa jina. Mji ulijaa watu wa kila kabila, na mahakama ikajaa ugomvi wao. Mwaka 1949 kibarua mmoja Mmakua, aliyetozwa faini kwa kupigana, alimgeukia hakimu na kumwambia kwa lugha yake kwamba anafanana na kuku aliyenyonyolewa akasahaulika mvuani. Bwana Eustace aliyatafsiri maneno hayo yote kwa Kiingereza, pamoja na mvua, bila kukunja uso. Hakimu akawa mwekundu. Akauliza kama hayo ni maneno ya mshitakiwa au ya mkalimani.

"Bwana, mimi ni mfereji," alijibu. "Yakimiminwa maji natoa maji. Yakimiminwa matope natoa matope."

Hakimu alicheka, kisha akaiongeza faini. Baada ya siku kadhaa yule kibarua alimkuta Bwana Eustace sokoni, akamshika shati. "Wewe Nandonde, umenitukania Mzungu!"

"Mimi? Mimi nilikubebea tu. Mzigo ulikuwa wako."

Tangu hapo watu wakamwita Mfereji. Tungeweza kuijaza karatasi hii kwa visa vya namna hiyo, na wenzake wa Lindi wametuletea vingine ambavyo havifai kusomwa mbele ya akina mama. Lakini hakuna atakayekuja Jumatatu bila kulikumbuka shauri la mwaka 1952, na si haki kumuaga mtu huyu kwa vichekesho peke yake. Nilipofungua shajara yangu ya mwaka ule kutafuta tarehe, nilikuta chini ya 21 Agosti sentensi moja tu: "Leo tumesikia jambo ambalo sijui liandikweje." Miaka sita imepita, na bado linashtua.

Mkulima mmoja wa Mandawa aliyeitwa Bashiri alikutwa amekufa katika shamba lake la ufuta, amekatwa kwa panga shingoni. Jirani yake, Yunusi, alikuwa amegombana naye mbele ya watu kwa ajili ya mpaka wa mikorosho. Mpita njia mmoja alisema kwamba magharibi ile aliona mtu akitoka shambani. Uso hakuuona, lakini mwendo aliujua, na ulikuwa mwendo wa Yunusi. Yunusi alisema siku hiyo alikuwa Mbekenyera, na mkewe Zaina alisema hivyo hivyo. Huo ndio ulikuwa ushahidi wote. Adhabu ya kosa hilo ni moja, nayo ni kunyongwa.

Jaji alikuja kulisikiliza hapa Nachingwea, katika jumba la mabati lililoachwa na watu wa karanga. Kama kawaida ya nchi hii, aliketi pamoja na wazee watatu wa baraza. Huko Ulaya, tunaambiwa, raia kumi na wawili hujifungia chumbani na kutoka na neno moja. Kwetu wazee husikiliza ushahidi wote pamoja na jaji, na mwishoni kila mmoja husimama akasema maoni yake hadharani. Jaji halazimiki kuwafuata. Lakini jaji mgeni, asiyejua desturi za watu, huwategemea zaidi kuliko anavyosema.

Kila jioni kabla ya kuahirisha, Jaji aliwaonya wazee hao: wasizungumze shauri hili na mtu, wasiende mahali pa tukio, wasipokee habari nje ya mahakama. Bwana Eustace alilitafsiri onyo hilo kwa Kimwera, na wazee wakaitikia kwa vichwa.

Siku ya maoni, mzee wa kwanza alisema mwendo wa mtu si uso wake, hivyo Yunusi aachiwe. Wa pili alisema ana kosa, basi, akakaa. Wa tatu alikuwa Mzee Mikidadi wa Chinongwe, mtu aliyeheshimiwa kuliko wote watatu, aliyekuwa amepatanisha koo nyingi za Ruangwa. Alisimama ameegemea fimbo. "Ndiye," alisema. "Sina shaka naye."

Katika hukumu yake Jaji aliandika kwamba ushahidi wa pande mbili ulikuwa karibu sawa, na kwamba yeye mwenyewe alikuwa na wasiwasi. Ila wasiwasi huo umeondolewa na maoni ya Mzee Mikidadi, mtu anayewajua watu hawa na nyendo zao. Akamhukumu Yunusi kufa. Zaina hakulia. Alikaa sakafuni pale pale aliposimama, na askari wawili wakashindwa kumwinua.

Mchana ule Mzee Mikidadi alikuwa kwenye veranda ya mahakama akingoja lori la kumrudisha Chinongwe. Bwana Eustace alikwenda kumuaga. Mazungumzo yao ameyasimulia mbele ya majaji na mbele yetu, na hajawahi kubadili neno.

"Mwanangu," Mzee alisema, "kupima roho ya mtu ni kazi nzito. Sikutaka kusema kwa kinywa changu tu."

"Ulisema kwa kinywa cha nani, mzee wangu?"

"Niliuliza."

"Ulimwuliza nani? Jaji aliwakataza kuzungumza na mtu. Mimi mwenyewe ndiye niliyewaambia."

"Na mimi nilikusikia vizuri. Sikuzungumza na mtu. Niliwauliza wazee wangu, nao wamekufa wote."

Akaeleza kwa furaha ya mtu aliyefanya kazi yake sawasawa. Usiku wa kuamkia siku ya maoni, nyuma ya kambi ya wageni walikolazwa wazee wa baraza, alimimina unga wa mtama polepole chini ya mti mpaka ukasimama wenye ncha kama kichuguu. Akawataja marehemu wa ukoo wake. Akawaomba: kama kijana huyu hana damu mkononi, unga usimame, kama anayo, uanguke. Akaufunika kwa chungu, akaenda kulala. Alfajiri alifunua chungu, akakuta unga umelala ubavu.

"Na kama ungesimama?" Bwana Eustace aliuliza.

"Ningesema hana kosa. Mimi ni nani nibishane nao?"

Wengi wetu tumewaona wazee wetu wakimimina unga huo kabla ya safari, kabla ya unyago, mtoto akiugua. Wanaokwenda msikitini humimina, na wanaokwenda kanisani humimina. Kilichotushtua si unga. Ni kwamba mtu aliyeketi kando ya Jaji kwa siku zote zile, akasikiliza mashahidi wote wakila kiapo na kuulizwa maswali na mawakili, mwishoni aliwaweka wote pembeni, akaipeleka shingo ya Yunusi chini ya chungu.

Lori lilipiga honi. Mzee Mikidadi akapanda, akapunga mkono. Bwana Eustace hakupunga. Tulimkuta ameketi kwenye ngazi ya veranda, kifungo cha juu cha shati kimefunguliwa. Ndiyo mara pekee tuliyowahi kukiona hivyo.

Kwanza alikwenda kwa mkubwa mmoja wa kazi, ambaye hana haja ya kutajwa hapa. Mkubwa huyo alimsikiliza amesimama. "Nandonde, wewe umeajiriwa kutafsiri yanayosemwa ndani ya mahakama. Ya verandani si kazi yako." Ofisini nako ushauri ulikuwa mwingi, na karibu wote ulikuwa wa aina moja.

"Mwachie Mungu, Eustace. Una watoto."

"Mungu anisamehe," alijibu, "lakini aliyesikia Kimwera kile ni mimi."

Akamwandikia wakili wa Yunusi. Wakili alijibu upesi. Rufani, alisema, imekwishaandikwa kwa hoja ya mwendo na uso, nayo ni hoja dhaifu, kwa sababu majaji wa rufani hawapendi kumpinga jaji aliyewaona mashahidi kwa macho yake. Jambo la unga ni zito zaidi. Lakini maneno ya mkalimani ni habari ya kuambiwa. Mzee mwenyewe lazima aape. Bila dole gumba la Mikidadi, Yunusi atanyongwa.

Bwana Eustace aliomba ruhusa akaenda Chinongwe kwa baiskeli. Mzee Mikidadi alimpokea kwa uji wa ulezi na mkeka mpya. Alipoelezwa alichotakiwa kufanya, akausukuma mkeka kwa mguu.

"Unataka niweke dole kwamba wazee wangu ni waongo?"

"Sisemi ni waongo, mzee wangu. Nasema tu uape kwamba uliwauliza."

"Wazungu wanamshikisha shahidi Kitabu, wanamwomba Mungu wao asimame naye. Hilo si kosa. Mimi nikiwaomba wa kwetu, nimekosa? Rudi zako, Mfereji. Haya hayaandikwi."

Akarudi bila kitu. Siku zile Zaina alikuwa amehamia kwa ndugu zake hapa mjini. Kila asubuhi alikuja kukaa chini ya dirisha la ofisi yetu na kanga yake ya msiba, kana kwamba mume amekwisha kufa. Siku Bwana Eustace aliporudi kutoka Chinongwe alimtazama usoni, akaelewa, akaondoka kabla ya mtu kumwambia neno.

Habari hazikai ndani ya kuta. Sokoni watu wakaanza kusema kwamba unga wa Mzee Mikidadi umemtia Yunusi kitanzi. Habari hizo zilimfikia Dorotea, mama wa Kimakonde aliyekuwa mpishi wa kambi ya wageni. Alasiri moja alimfuata Bwana Eustace nyumbani, hataki kuketi.

"Baba Eustace, unga huo ulikuwa nyuma ya jiko?"

"Ndiyo."

"Chini ya chungu cheusi chenye ukingo uliovunjika?"

"Sijui ukingo wake. Kwa nini?"

"Mimi nilitaka chungu tu. Maharage yalikuwa yananingoja. Nilikiinua kabla hakujapambazuka, nikaona unga umesimama kama titi la msichana, na kwa kuinua kwangu ukaanguka. Nikaogopa. Nikakirudisha, nikapikia sufuria. Baba, watanifunga?"

Bwana Eustace husema kwamba alimwomba ayarudie mara mbili, si kwa sababu hakuelewa.

Kesho yake wakaenda pamoja Chinongwe, Dorotea amekaa nyuma ya baiskeli akilia njia nzima. Mzee Mikidadi hakuwapa mkeka. Dorotea akapiga magoti mlangoni akasema aliyosema. Mzee akauliza swali moja.

"Ulipofunua, ulikuwa umesimama?"

"Ulikuwa umesimama, babu."

Mzee Mikidadi aliishika nguzo ya mlango. Walimwona akitafuta fimbo ambayo ilikuwa mkononi mwake. "Basi hawakunijibu hivyo," alisema. "Walisema hana kosa. Mimi nimemtia mtu kitanzi kwa maharage."

Akanyoosha mkono, akaomba wino.

Hapo ndipo penye jambo ambalo sisi wa ofisi tumelijadili tangu siku ile, na hatujalimaliza. Mzee Mikidadi alikubali kuapa kwa sababu chungu kilifunuliwa. Kwa akili yake, kosa lilikuwa la Dorotea. Kama chungu kisingeguswa, Yunusi alistahili kufa, na dole lisingewekwa. Bwana Eustace aliyajua hayo alipokuwa akiandika hati ya kiapo. Aliandika yote mawili, kuuliza kwa Mzee na kufunua kwa Dorotea, akasema kazi ya kuchagua ni ya majaji.

Mahakama ya Rufani ilisikiliza shauri hilo Dar es Salaam, Januari 1953, mbele ya majaji watatu. Bwana Eustace na Mzee Mikidadi walikwenda kwa meli kutoka Lindi. Kwa kuwa Bwana Eustace mwenyewe alikuwa shahidi, hakuruhusiwa kutafsiri. Alikaa kwenye benchi akimsikia mkalimani mgeni akihangaika na Kimwera cha Mzee, midomo yake ikicheza, mpaka karani wa mahakama alipomwomba kwa heshima afunge mdomo.

Mwanasheria wa Serikali alisema hoja mbili, na hazikuwa hoja za kipuuzi. Ya kwanza, kwamba mzee wa baraza akishatoa maoni, mlango umefungwa. Tukianza kuwauliza wazee walifikirije, na kwa nini, hakuna hukumu itakayosimama katika nchi hii. Kila ndugu wa mfungwa atakwenda kijijini kumtafuta mzee aliyejuta. Ya pili, kwamba aliyemhukumu Yunusi ni Jaji, si mzee wala unga.

Jaji mkubwa kati ya wale watatu alikuwa mzee mwenye nywele nyeupe aliyezungumza polepole kiasi kwamba kila mtu aliweza kuyaandika maneno yake. Kwa hoja ya kwanza alisema kwamba ni kweli, mahakama haitaingia ndani ya kichwa cha mzee wa baraza. "Hatumwulizi alifikiri nini. Tunamwuliza alikwenda wapi, na nani alimjibu." Aliyetoka nje ya mahakama kutafuta jibu, awe amemwuliza jirani, au polisi, au amekwenda kupima shamba kwa miguu yake, amepokea ushahidi ambao mshitakiwa hakuusikia. Hilo mahakama inaweza kulisikiliza, na lazima ilisikilize.

Kwa hoja ya pili alichukua hukumu ya Jaji wa kwanza, akasoma kwa sauti ile sentensi ya wasiwasi ulioondolewa na Mzee Mikidadi. Akaiweka chini. Jaji halazimiki kumfuata mzee, alisema, na kama Jaji huyu angeandika kwamba alikuwa na hakika kwa ushahidi peke yake, huenda rufani ingeanguka. Lakini ameandika mwenyewe ni mkono gani ulioielemeza mizani. Sasa tunajua mkono huo ulikuwa umeshika nini.

Kisha wakili wa Yunusi akasimama kueleza habari za Dorotea, chungu na maharage. Ukumbi mzima uliinama mbele kusikiliza. Jaji mkubwa akamzuia.

"Hatuhitaji kujua nani alifunua chungu. Hata kama hakikuguswa, unga haukula kiapo, na mshitakiwa hakupata nafasi ya kuuliza swali."

Mkalimani mgeni alipomaliza kuyasema hayo kwa Kimwera, Mzee Mikidadi alisimama bila kuruhusiwa. "Hawahitaji?" alimwuliza Bwana Eustace kwa sauti, mbele ya majaji wote. "Hawahitaji kujua kwamba walisema hana kosa? Basi nimekuja huku kufanya nini?" Askari alimketisha. Bwana Eustace husema kwamba katika miaka ishirini na saba hajasikia swali gumu kama hilo, na kwamba alishukuru siku ile kuwa hakuwa yeye wa kulitafsiri.

Hukumu ilifutwa. Majaji hawakusema Yunusi hana kosa. Walisema hajahukumiwa bado, na wakaamuru shauri lianze upya mbele ya jaji mwingine na wazee wengine.

Lilianza upya hapa Nachingwea mwezi wa Juni. Jaji mpya, kabla ya yote, alimwita Bwana Eustace chumbani akamwuliza jinsi ya kuwaonya wazee ili waelewe. Onyo alilopendekeza ndilo linalotumika hapa mpaka leo: wasimwulize mtu, wala mahali, wala kitu, walio hai wala waliokufa. Mara ya kwanza liliposomwa, wazee wa baraza walicheka. Walipomwona Jaji hacheki, wakanyamaza. Wazee wote watatu walisema ushahidi wa mwendo hautoshi, Jaji akakubaliana nao, na Yunusi akatoka mlangoni akiwa amemshika Zaina bega kama mtu anayejifunza kutembea.

Tulidhani hapo ndipo mwisho. Tulikuwa tumesahau kwamba Bashiri naye alikuwa na mke.

Bi Ashura alikuwa amekuja kila siku ya shauri la kwanza na la pili, na hakuna aliyemtazama. Umati ulipotawanyika alimfuata Bwana Eustace mpaka chini ya ngazi. Tulikuwepo watu wengi, na kila mmoja alisikia.

"Wewe ndiye Mfereji?"

"Ndiye mimi, mama."

"Umemtoa aliyemwua mume wangu."

"Mama, sijui kama alimwua."

"Hujui!" Alipiga makofi mara moja, kama mtu anayefukuza ndege. "Umekwenda mpaka Dar es Salaam kwa jambo usilolijua?"

"Nilijua kwamba hakuhukumiwa kwa haki. Hilo tu."

"Na mume wangu? Yeye alihukumiwa kwa haki?"

Bwana Eustace alimnyooshea mkono. Bi Ashura aliutazama mkono huo, akazungusha kanga yake, akaondoka.

Mwaka uliofuata cheo cha mkalimani mkuu kilipotolewa, kilipewa mtu mwingine. Hakuna aliyesema sababu, na yeye hakuuliza. Aliyefanywa mkuu wake alikuwa kijana aliyefundishwa kazi na Bwana Eustace mwenyewe, na hatukumsikia Bwana Eustace hata siku moja akimwita kijana huyo bila kuanza na "Bwana". Mzee Mikidadi hakuitwa tena barazani. Alifariki mwaka 1955, na Bwana Eustace alikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza. Dorotea bado anapika kambini, na chungu kile alikivunja mwenyewe.

Aliyemwua Bashiri hajajulikana. Kila mgeni katika ofisi hii humwuliza Bwana Eustace swali lile lile: je, alikuwa Yunusi? Yeye hujibu kwamba hajui. Wageni hushtuka. Wanataka kusikia kwamba alimwokoa mtu mwema. Huwaambia kwamba kama angengoja kwanza kujua wema wa mtu ndipo ayapeleke maneno yake, basi yeye naye angekuwa anamimina unga.

Watoto wake wako Lindi na Mtwara, na wote wamemwandalia chumba. Amekataa. Amejenga nyumba ya matofali mabichi kati ya Mandawa na Mbekenyera, na mikorosho yake midogo imeanza kuchanua. Tulipomkumbusha ni nani atakuwa jirani zake, alisema ndiyo sababu. Yunusi analima upande wa juu wa njia. Bi Ashura anauza ufuta kwenye gulio la Ruangwa, na Bwana Eustace hupita mbele ya meza yake kila anapokwenda huko. Kila mara hutoa salamu. Kwa miaka mitano sasa, Bi Ashura hajaitikia. Naye hupita, na safari inayofuata husalimu tena.

Bwana Eustace, kwa niaba ya makarani, matarishi, askari wa mahakama, na wote waliowahi kusimama mbele ya hakimu wakikosa lugha, tunakushukuru. Ulichukua maneno yetu bila kuyapunguza na bila kuyapamba, na mara moja ulichukua neno ambalo hakuna aliyetaka kulibeba. Mungu akupe afya, mvua ya wakati, na usingizi mtamu katika nyumba yako mpya. Nasi tunakuombea jambo moja zaidi, ambalo hatuwezi kukupa kwa zawadi yoyote tutakayokukabidhi Jumatatu: siku moja ya gulio, upite mbele ya meza ile ya ufuta, utoe salamu, na uitikiwe.

Andrea Chilumba
Karani, Mahakama ya Nachingwea
25 Juni 1958